Mama Mpolokeng na Farasi Anayeanguka

Naleli, farasi wa Mama Mpolokeng, alianguka mara ya kwanza akiwa amesimama tu, nje ya kinu, gunia la mahindi mgongoni. Kichwa kiliinama polepole, miguu ya mbele ikalegea, akapiga uso chini. Kabla hatujamfikia alikuwa ameshainuka, anatutazama kana kwamba sisi ndio tuliomwangusha.

Alipoanguka tena mbele ya kanisa, maneno yakaanza. Wengine walisema ni moyo. Wengine walisema marehemu, mume wa Mama Mpolokeng, anamvuta farasi wake. Sekhobe, mdogo wa marehemu, akaja na mchinjaji na kamba.

"Shemeji, huyu ataanguka nawe bondeni akuue. Mtoe achinjwe."

"Farasi mwenzake ulimuuza matanga hayajaisha. Hujashiba?"

Tulicheka, mchinjaji akiwemo. Mama Mpolokeng hakucheka. Alipitisha kiganja ubavuni mwa Naleli.

"Ona, hana hata chembe ya samadi. Tangu abaki peke yake hajalala chini. Hana mwenzake wa kumlinda akilala. Usingizi ndio unaomwangusha."

"Basi kamwimbie."

"Nitaingia nikae naye."

Kwetu mwanamke haingii zizini, sembuse mjane ambaye hajavua nguo nyeusi. Sekhobe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ukikanyaga humo nakupeleka kwa chifu."

"Nipeleke. Na farasi huyu ndiye nitakayempanda kwenda huko."

Akaparamia ukuta wa mawe, akarukia ndani, akatandika blanketi lake juu ya samadi kavu, akaketi. Ilikuwa mchana kweupe. Naleli alimsogelea, akamnusa kichwa, akasimama. Alisimama sana, mpaka mchinjaji akaanza kupiga miayo. Kisha akakunja miguu, akashuka, akajilaza ubavu mzima.

"Amekufa!" Sekhobe akasema, karibu ashangilie.

Naleli akakoroma.

"Punguza sauti, shemeji," Mama Mpolokeng akasema.

Mchinjaji akakunja kamba yake, akaondoka.

Chifu alimtoza Mama Mpolokeng kondoo mmoja kwa kuingia zizini. Alimtoa bila kujitetea, na kesho yake akarudi zizini, watu wakimwona. Aliendelea hivyo kila mchana. Magoti ya Naleli yana makovu hadi leo, lakini mahindi yanafika kinuni.

Sekhobe alikuja tena kumwonya kwamba chifu atamtoza kondoo wa pili. Alimkuta akipanga mawe ya ngazi kwenye ukuta wa zizi.

"Umefika wakati mzuri," akamwambia. "Nipe lile kubwa hapo."