Mukonyo na Kazi Zisizo na Alama

Mwaka ule serikali ilipovitaka vyuo vikuu vitie sahihi mikataba ya utendakazi, Mukonyo alikuwa amefundisha jiografia katika chuo kikuu kimoja katikati ya Nairobi tangu wanawe wakiwa wachanga. Mlango wa ofisi yake haukujua kufungwa. Aliyefiwa, aliyefukuzwa na mwenye nyumba, msichana aliyepata mimba akataka kuacha masomo, wote walimwendea. Mhadhiri mwenzake akisafiri, yeye ndiye aliyemshikia darasa. Wageni wakija, yeye wa kuwapokea.

Matokeo ya tathmini ya mikataba hiyo, iliyohesabu makala na makongamano tu, yakabandikwa. Mukonyo alikuwa wa mwisho idarani, na aliyemtangulia kwa nafasi moja tu ni rafiki yake Millicent. Walioongoza ni wanaume waliokwenda makongamano huku wanawake hao wakiwafundishia.

Walishuka River Road kula chapati na maharagwe ya madondo, Millicent akikaribia kulia. Ghafla Mukonyo akaangua kicheko.

"Unacheka nini, na tumeaibishwa hivi?"

"Si wamesema hayo yote tunayowafanyia wengine si kazi? Basi tukiiacha, nani atajua?"

Millicent akamkodolea macho, kisha naye kicheko kikampasuka.

Jumatatu walifundisha vipindi vyao, wakafunga ofisi, wakajichimbia maktabani kuandika makala. Moyo wa Mukonyo ulimwenda mbio kama wa mtoto aliyetoroka shule. Punde habari zikawafikia: madarasa yasiyo na mwalimu yanapiga madawati kama ngoma, wageni wamekwama uwanja wa ndege, na foleni ya wanafunzi imehamia kwa mkuu wa idara, Profesa Kihara.

Nyokabi, mwanafunzi aliyempoteza mama yake, alimfuata Mukonyo hadi maktabani. Mukonyo hakuweza kumwacha huyo. Alimpeleka kwake Kilimani, akampa chakula na kitanda.

Hatimaye Kihara akaja maktabani mwenyewe, tai imelegea.

"Daktari Mukonyo, huu mchezo uishe."

"Mchezo gani, Prof? Naandika makala. Si ndiyo kazi?"

Kihara akajitupa kitini. "Watoto wa watu wamenililia wiki nzima. Nimechoka kuliko siku niliyotetea tasnifu."

"Basi lete hayo maneno mbele ya kamati ya tathmini."

Akayaleta. Kamati ilikutana na wahadhiri katika ukumbi mmoja mtaani Hurlingham, na profesa mmoja mzee akabeza: "Sasa tupime machozi?"

Mukonyo alisimama. "Tupime kazi, mzee wangu. Huyo anayelia tukimwacha aende zake, makala zako utamsomea nani?"

Ukumbi ukavuma. Mikono ikainuka, mingine shingo upande, lakini ikatosha: kulea wanafunzi na kushikia wenzako madarasa kukapewa alama. Kupokea wageni kukawa kwa zamu, wanaume wakiwemo.

Nje, kando ya barabara ya Argwings Kodhek, Millicent alipiga kigelegele hadi bawabu akatoka kuchungulia harusi ni ya nani.

"Ni yetu!" Mukonyo akamjibu, huku akivua viatu vya visigino ili apate kucheza vizuri.