Anafungia kalamu mpaka mkataba usomwe

Saa mbili kasorobo asubuhi, chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, mwanamke wa miaka hamsini na minne anafuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi, anawasha kompyuta na kuhesabu karatasi zilizobaki. Kisha anafanya jambo ambalo wachapaji wengine wa mtaa huu hawalifanyi. Anakusanya kalamu zote zilizo mezani, sita kwa jumla, anazitia kwenye droo, anaifunga, na ufunguo anaufunga kwenye ncha ya mtandio wake.

Wateja wanamwita Mama Kalamu. Ni jina la utani, tena la kejeli, kwa sababu hapa kwake unaweza kupata kila kitu isipokuwa kalamu.

Kabla hajajibu swali hata moja la mwandishi wa makala haya, anachapa ukurasa mmoja na kuusukuma mezani. Ni mkataba kati yake na gazeti, wenye vifungu vitatu. Cha kwanza kinakataza jina lake na picha yake. Cha pili kinataja sentensi moja atakayoitoa mwisho wa mazungumzo, ichapwe kama ilivyo, na iwe ya mwisho. Cha tatu kinasema mhariri akiikata sentensi hiyo, makala yote yasitoke.

"Nipe kalamu nisaini, mama," anasema mwandishi.

"Kwanza niambie umeandikwa nini. Kwa maneno yako, si yangu."

Mwandishi alikuwa amepitisha macho tu, na kifungu cha tatu kinamshinda. Anarudishiwa karatasi kama mwanafunzi aliyefeli imla. Anasoma tena, anaeleza, ndipo droo inafunguliwa.

Wateja wake wengi ni watu wa harusi. Ofisi ya kuandikisha ndoa iko mtaa wa pili, na katikati wamejipanga wapambaji, wapishi, wenye kumbi, wapiga picha na wakodishaji wa magari. Kila mmoja ana mkataba wake, na kwa miaka kumi na tisa mikataba hiyo imepita kwenye vidole vya Mama Kalamu.

Saa tatu anaingia msichana anayetarajia kuolewa, pamoja na mama yake. Nyuma yao yuko mpambaji, mwanamume mchangamfu anayetazama saa kila baada ya dakika. Wamekuja kusaini.

"Kifungu cha nne kinasema nini, mwanangu?" Mama Kalamu anamuuliza msichana.

"Kinasema maua."

"Maua gani?"

Msichana anaisogeza karatasi karibu na uso. "Maua ya kupendeza."

"Ya kupendeza kwa nani?"

Mama mtu anaangua kicheko. Mpambaji hacheki. Baada ya robo saa ya kuvutana, maua ya kupendeza yamekuwa mawaridi meupe, chombo kimoja kwa kila meza, meza thelathini, yawe yamepangwa kabla ya saa nne asubuhi. Limeongezwa pia jina la atakayekuja kupamba, na sharti kwamba asipofika yeye mwenyewe, au mawaridi yasipopatikana, malipo ya awali yatarudishwa yote ndani ya siku saba.

"Mama Kalamu, unanifukuzia wateja," analalamika mpambaji.

"Nakufukuzia kesi, baba. Saini hapa."

Utaratibu huo una gharama yake. Zamani alikuwa akichapa kurasa mia moja na arobaini kwa siku. Sasa akifika sitini anashukuru. Kati ya watoa huduma kumi na wanne waliokuwa wakichapisha kwake, wamebaki watano. Wengine wamehamia kwa mchapaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye kalamu zake zinaning'inia mlangoni kwa kamba, ajaye ajichotee.

"Siwalaumu," anasema. "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mbaya zaidi, maana mimi nilikuwa hodari."

Uhodari huo aliupata chuoni, ambako mwalimu alifunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa ili wachape bila kutazama vitufe. "Alikuwa anatuambia, macho kwenye karatasi, akili nyumbani. Mchapaji mzuri hasomi. Ukianza kusoma unaanza kufikiri, ukifikiri unachelewa. Nilikuwa naweza kuchapa barua ya talaka huku nikipanga nitapika nini jioni."

Anasema hivyo akitabasamu, kisha tabasamu linamtoka, na kwa muda anabaki akipanga karatasi ambazo tayari zimepangika.

Miaka sita iliyopita aliolewa binti wa kaka yake. Mama wa binti huyo alifariki mtoto angali mdogo, kwa hiyo yeye shangazi ndiye aliyemsuka nywele, akamfundisha kusoma, akamkaripia na kumtetea. Kwa kila jambo la harusi ile, binti aliuliza kwanza, "Shangazi anasemaje?"

Kaka mtu alikuwa fundi wa kushona suti, mtu maridadi asiyetoka nje bila kupiga koti pasi. Mwaka mmoja kabla ya harusi alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, mkono na mguu, na mdomo ukaenda kando. Kuanzia siku hiyo akakataa kupigwa picha.

"Alisema hataki watu wamkumbuke akiwa amepinda," anasimulia dada yake.

Ni mpiga picha mmoja tu aliyemweza. Alifika nyumbani kumpiga picha ya kitambulisho, akakaa naye karibu saa nzima wakizungumza habari za vitambaa, akamgeuza taratibu kuelekea dirishani. Picha ilipotoka, mzee aliitazama kwa muda mrefu. Binti yake alipochumbiwa, alitoa sharti moja: "Akija yule, nitakaa kwenye picha. Akija mwingine, niacheni na kiti changu."

Mpiga picha huyo alikuwa mteja wa Mama Kalamu. Mkataba wake ulikuwa ndani ya kompyuta hii hii, na kila harusi yanabadilishwa majina na tarehe tu. Binti alimpigia simu, akamweleza hali ya baba yake, naye akaahidi kwa kinywa chake kwamba atakuja mwenyewe.

Siku ya kusaini, foleni ilikuwa imefika barabarani. Binti aliishika karatasi, akamwinamia shangazi yake.

"Shangazi, kuna shida yoyote humu?"

"Saini tu, mwanangu. Mkataba huu naujua."

Akampa kalamu.

"Na kweli niliujua," anasema sasa. "Vidole vyangu viliujua."

Kifungu cha saba cha mkataba ule kilimruhusu mpiga picha kumtuma mtu mwingine yeyote badala yake, bila kumwarifu mteja. Siku ya harusi alikuwa na kazi mbili. Akaenda kwenye ile kubwa, na kwa binti akamtuma mwenzake, mtu mzima mwenye haraka, ambaye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu baba wa bibi harusi.

Kaka mtu alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoikata mwenyewe kwa mkono mmoja, huku fundi mwenzake akimshikia kitambaa, kazi iliyowachukua wiki saba. Alipoona anayekuja na kamera si yule, alimwomba mtu amsogezee kiti nyuma ya nguzo. Mpiga picha yule mgeni hakuuliza mzee huyu ni nani. Alipiga picha mia nne na ishirini, keki ikiwemo mara kumi na moja, akaondoka.

Baba wa bibi harusi anaonekana katika picha moja tu, pembeni, nyuma ya bega la mgeni fulani. Unaonekana mkono wa koti la kijivu na vifungo vyake vitatu. Uso haumo. Picha hiyo iko kwenye droo ya Mama Kalamu, imewekewa nailoni, chini ya zile kalamu sita.

Watu husema majuto ni mjukuu. Yake hayakungoja kufika umri huo, yalifika Jumatatu. Binti aliingia dukani akiwa na mkataba mkononi, kidole juu ya kifungu cha saba. Alikuwa amempigia simu mpiga picha kulalamika, naye akamjibu kwa upole kwamba asome alichosaini.

"Shangazi, hiki ulikiona?"

Duka lilikuwa limejaa. Walikuwepo wapishi wawili, mwenye ukumbi na mwanasheria mmoja aliyeleta kazi kwa mara ya kwanza. Mama Kalamu aliwatazama, akamtazama mtoto aliyemlea.

"Nilimjibu kwamba nilikiona, na kwamba ni kifungu cha kawaida," anasema. "Nilimwambia asinitie aibu mbele ya watu."

Binti alikunja ile karatasi mara nne, akaondoka bila kuaga.

Miezi mitano baadaye kaka mtu alifariki. Msibani, walipokuwa wawili peke yao stoo wakitafuta mikeka, binti alimwambia jambo ambalo hajalisahau: "Ulijua, ukanyamaza. Mteja wako alikuwa na thamani kuliko baba." Tangu siku hiyo, wakikutana, binti anaamkia shikamoo, shangazi anaitikia marahaba, na habari inaishia hapo.

Mpiga picha naye aliwahi kuja kuomba radhi. Mama Kalamu hamwiti mwizi wala tapeli. "Ni mtu mzuri tu. Kile kifungu alikinakili kwa mwenzake, naye sidhani kama alikisoma. Sote watatu, yeye, mimi na mtoto, tuliweka mikono kwenye karatasi, na hakuna aliyeitazama."

Kuanzia wiki iliyofuata msiba, kalamu zikaingia kwenye droo. Sasa anasoma kila anachochapa, kwa sauti, midomo ikicheza, na kwa hiyo anachapa polepole kama mtoto anayejifunza. Ahadi yoyote aliyoisikia ikitolewa mdomoni anaidai iingie kwenye karatasi. Anauliza nani atakuja, saa ngapi, na asipokuja itakuwaje. Na asiyeelewa anaambiwa aende nayo nyumbani, alale nayo, arudi kesho.

Amewaokoa wengi, wateja wenyewe wanasema. Yeye hapendi neno hilo. "Mwenye nyumba iliyoungua akinunua ndoo, msimsifu sana," anasema.

Miezi mitatu ijayo anaoa mdogo wake yule binti, kitinda mimba wa marehemu. Dada mtu ndiye anayesimamia mipango yote. Mama Kalamu amesikia kwamba ukumbi umeshapatikana na wapishi wanatafutwa. Wiki iliyopita alimwona binti akivuka barabara na bahasha ya kaki, akaingia kwa yule mchapaji mwenye kalamu za kamba.

"Nilisimama hapa mlangoni. Nilitaka kumwita. Nikarudi kuchapa."

Tumaini lake ni dogo: mikataba ile ipite mezani kwake kabla haijasainiwa, hata kama italetwa na mtu mwingine. "Asiniamkie, sawa. Anirushie tu karatasi niisome."

Lakini anajua kwamba binti hatamletea karatasi mtu ambaye yeye binti anaamini alimsaliti kwa makusudi. Mwandishi anamuuliza kwa nini asiende nyumbani kwake akamwambie ukweli.

"Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilimkuta na wageni. Mara ya pili nilizungumzia bei ya mchele mpaka nikaaga. Mara ya tatu nilifika mlangoni nikamsikia anacheka na wanawe, cheko la baba yake kabisa. Nikarudi."

Anafungua fundo la mtandio, anatoa ufunguo.

"Halafu, baba, maneno ya mdomoni ndiyo yaliyotuponza. Hili nataka liwe limeandikwa. Gazeti lenu analisoma, tangu alipokuwa mdogo nikimfundishia herufi humo humo. Atajua ni yeye."

Anaichapa sentensi yake, anaisoma kwa sauti mara mbili, anaichapisha. Kisha, kabla hajaichukua kalamu, anamweleza mwandishi maana yake kwa maneno mengine, kama anavyowataka wateja wake wafanye. Anafika katikati, anaanza upya, anamaliza. Anasaini.

Kwa mujibu wa kifungu cha pili, inachapwa hapa kama ilivyo:

"Mwanangu, kifungu cha saba sikukiona, kwa sababu mkataba wako sikuusoma, na siku uliyoniuliza mbele ya watu nikasema nilikiona, nilikudanganya."