Mbegu za Jirani na Ramani ya Mradi

Kazi yangu, kwa wasiojua, ni kupima mabadiliko ya mfumo. Mradi unawafundisha watu wa Kindu kupatiana mbegu za mpunga, kisha unanituma mimi, mzaliwa wa Alunguli, hapohapo Kindu, na tableti kwapani, kuangalia kama wameanza kufanya hivyo bila kusukumwa. Ni kazi ya heshima. Nina kofia, fulana na koti la mvua, vyote vina nembo.

Mwaka wa kwanza niliwauliza akina mama wa mtaa wetu swali la kwanza la fomu: je, una mbegu zako nyumbani? Wote wakasema hapana. Hata mama yangu mzazi alinijibu kwa adabu, kama mgeni: "Hapana, mama. Mbegu yangu haiko mu nyumba yangu." Shefu wangu, mkuu wa mradi, aliyekuwa na siku nne tu katika jimbo letu la Maniema, alisikitika mpaka akavua miwani. Akaandika kwamba hapa hakuna utamaduni wa kutunza mbegu.

Ningeweza kumweleza. Wakati wa vita, watu wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta chakula, na mtu akipigwa sana husema alikoficha chake. Kwa hiyo akina mama walipatana, kila mmoja afiche mbegu za mwenzake, na vita vilipokwisha wakaendelea hivyohivyo. Ukiulizwa zako, unasema kweli: hazipo. Sisi watoto hatukuambiwa kitu. Mama alikuwa na mtungi wa mbegu za jirani, ameufukia chini ya banda la kuku. Msimu ule mdogo wangu alilia njaa mpaka sauti ikakauka, na Mama hakuufukua. Mdogo wangu hakufika mavuno. Mpaka leo sijui kama nimheshimu Mama au nimkasirikie, basi nafanya yote mawili.

Lakini fomu ilikuwa na ndiyo na hapana tu, na mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita, ukingoja kuongezwa. Nikajaza hapana.

Mwaka huu swali liligeuzwa: je, mbegu zako unazipata kwa mtu mwingine? Wote wakasema ndiyo. Ofisini watu walipiga makofi. Mfumo umebadilika! Akina mama hawajabadilisha hata mtungi, ila hilo halikuulizwa. Shefu akataka ramani yenye picha ya kila mahali mbegu zinapowekwa, ibandikwe mlangoni mwa ofisi wageni waone. Nikazunguka mtaa mzima. Kwa kuwa mimi ni mtoto wao, walinionyesha kwa hiari kile ambacho kipigo hakikuweza kukitoa kwao.

Nilikwenda kumwonyesha Mama ramani, nikijivuna kabisa. Aliweka kidole kwenye picha ya banda lake la kuku.

"Hii njo ya kila muntu kuona?"

"Ndiyo, Mama. Wageni wote."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Siku mbili baadaye nilipopita, chini ya banda la kuku palikuwa na shimo tupu, na kwa majirani vilevile. Nikamuuliza mbegu zetu ziko kwa nani sasa.

"Kula kwanza, mwanangu," akasema, akanisogezea sahani ya wali.

Nimekula, nimeuliza tena, ameniongezea mboga. Mtaa mzima unajua zilipo. Mimi, mtoto wake wa kuzaa, siambiwi, na ningekuwa yeye, nami nisingesema.