Kituo cha Tramu

Bibi mwenye nyumba yetu kule mtaa wa Glenwood alinielekeza vizuri: ukitaka kwenda mjini, ngojea pale kwenye kituo cha tramu. Nilikuwa na wiki moja tu Durban, na kwa kuwa nilijiona msomi kutoka Dar, sikuuliza swali. Kibanda nilikiona, cha matofali, kina benchi. Nikakaa.

Mabasi manne yakasimama mbele yangu. Kila dereva aliniangalia, nami nikampungia mkono aendelee, kwa madaha ya mtu anayesubiri chombo cha heshima zaidi, treni ndogo ya barabarani. Sikuvuka mipaka mitatu kuja kupanda basi.

Mwishowe akaja mlinzi wa duka la jirani, Mkongo niliyezoea kusalimiana naye.

"Kaka, unangoja nini hapa?"

Nikamwambia, tramu. Akaitazama lami, kisha akanitazama mimi.

"Na reli iko wapi?"

Sikuwa nimetazama chini. Akanieleza kwamba tramu iliondolewa kabla hatujazaliwa. Wazee ndio bado wanakiita kibanda hivyo.

Basi la tano nikalipanda. Mfukoni nilikuwa na barua ya kwenda kuposti, inayowaeleza nyumbani jinsi tramu ya Durban isivyotikisika.