Kawira na Programu Iliyongoja Amina

Kawira ameenda? Dada yake amenipigia leo asubuhi kutoka Meru, na mpaka saa hii akili yangu imekataa.

Marafiki zangu, nimelia, halafu nimecheka, halafu nimelia tena. Wacha niwaambie kwa nini nimecheka.

Wengi wenu mlimjua akiwa mtu mkubwa wa IT. Mimi nilimjua miaka ya tisini, Embu mjini, msichana wa Meru mwenye sweta ya kijani na kicheko cha kusikika mpaka barabarani.

Ilikuwa ofisi ya kanisa iliyosimamia zahanati zetu. Mimi nilikuwa typist. Shule yangu iliishia Form Two, na Kawira hakuwahi kunifanya nijione mdogo. Hata siku moja.

Zahanati za Kibugu, Ishiara na Kiritiri kila moja ilikuwa na server yake, yaani kompyuta kuu, na yeye alizitunza zote kutoka Embu kwa laini ya simu. Kulikuwa na programu ya kuzipanga: unaandika amri moja, zote zinabadilika pamoja. Tabu ni kwamba haikuuliza mtu. Ukibonyeza Enter, imeenda!

Siku moja ikabeba kosa, ikavuruga mipangilio ya Kibugu, manesi wakarudi kuandika kila kitu kwa mkono. Kamati ikakasirika. Mwenyekiti wetu, Mzee Nyaga, akamwambia, "Mkutano ujao utuonyeshe hii kitu inaweza kuaminika. La sivyo tunarudia taipureta, na wewe tutakushukuru uende nyumbani."

Siku hizo Kawira hakucheka. Wadogo zake walikuwa wanasoma kwa hiyo kazi.

Saa ya lunch nikaleta githeri, mahindi na maharagwe. Nikaanza kuomba, na mimi nikiomba naomba kweli. Kufungua jicho hivi, Kawira ameshazamisha kijiko! Nikampiga mkono.

"We Mmeru! Umesikia amina?"

"Mama Mwende, chakula kinapoa na wewe bado unaombea wagonjwa!"

"Kipoe, lakini hakiliwi. Kwanza tunataja tunachoomba, kila mtu anasikia, tukikubali tunasema amina. Ndio tule."

Akabaki na kijiko juu. "Rudia hapo."

Nikarudia. Akaacha sahani, akakimbia kwa kompyuta. Hiyo githeri nilimaliza mimi.

Alikuwa ameanza kuandika plugin, yaani amri ndogo ya kuongeza juu ya ile programu kubwa. Ukiiita, inakuonyesha kwanza kwa screen, mstari kwa mstari, itabadilisha nini na wapi. Halafu inanyamaza. Usipoandika neno amina, haigusi kitu.

Mwanzoni ilikuwa inaonyesha huku inabadilisha. "Inaomba huku inakula," nikamwambia. "Huyo ni wewe kabisa!" Akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akarekebisha.

Siku ya kamati Kawira akanisukumia kiti, akaniomba niandike mimi. Nikaandika amri. Mistari ikashuka. Kibugu, sawa. Kiritiri, sawa. Mzee Nyaga akavaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti: "Ishiara, kazi zote za kuchapisha zipelekwe kwa printa ya Ishiara."

Akainama akaangalia chini ya meza.

"Wasichana, si printa ya Ishiara ndiyo hii nimewekea mguu?"

Ilikuwa ndiyo! Ililetwa kutengenezwa, ikasahaulika pale. Nikasema moyoni, Bwana, tumekwisha.

"Basi mimi hapo sisemi amina," Mzee akasema.

Kawira akaruka! "Haleluya! Mzee, hiyo ndiyo kazi yake! Umeona kosa, na Ishiara haijaguswa!"

Mzee akaangalia screen. Akaangalia mguu wake. Kicheko kikaanza tumboni kwake polepole mpaka miwani ikashuka puani. "Kumbe hii mashine ina subira kuliko watu wa kanisa langu."

Kawira akatoa ule mstari, nikaita amri tena, kamati nzima ikasoma. "Sasa andika," Mzee akaniambia. Nikaandika amina. Kibugu, Ishiara na Kiritiri zikajibu, na Kawira akabaki kazini. Huo mchana aliimba mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna harusi.

Na harusi yake ilipofika miaka baadaye, alinipigia. "Mama Mwende, nimekusomea mistari yote ya huyu mwanaume. Tuseme amina?" Nilimuuliza maswali mengi, maskini. Halafu tukasema.

Leo dada yake ameomba nami kwa simu. Amemaliza, amengoja, na neno halikunitoka. Ilibidi nimwombe msamaha nikakata.

Kawira, unajua mimi sichelewi kwa amina. Nilikuwa nasoma kwanza.

Nimesoma ile sweta ya kijani. Nimesoma wadogo zako, ambao leo wana watoto wao shuleni. Nimesoma githeri uliyoniachia. Nimerudi juu nikasoma tena polepole, na sioni mstari hata mmoja wa kumwambia Mungu abadilishe.

Enda upumzike kwake, Mmeru wangu. Na huko ukikaribishwa mezani, tafadhali, weka kijiko chini waombe kwanza.

Amina.