Hita Iliyofukiwa Majivu

Sisi tuliokulia Nyasura, mjini Bunda, miaka ile ya foleni, dukani kukiwa na rafu na muuzaji basi, hatukujua kitu kinachoitwa kutupa. Ndala zilishonwa kwa waya, sufuria zikapigwa viraka, na betri za redio zilianikwa juani mpaka zifufuke. Vijana wa leo simu ikipata ufa kidogo tu wanaomboleza kama wamefiwa.

Fundi wetu mkuu alikuwa Baba, karani wa kiwanda cha pamba, na mgonjwa wake mkuu alikuwa hita ya umeme aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa kazini aliyekuwa anarudi kwao. Majirani walicheka sana: hita, Bunda, kwenye jua hili! Baba aliitaka kwa ajili ya mama yake. Bibi alikuwa ametoka kisiwani Rukuba kuja kutibiwa miguu, na siku ya kwanza tu alitangaza, "Nyumba isiyo na moto mimi silalagi." Nyumba yetu ilikuwa ya kampuni, ina dari, na kuni ndani zilikuwa marufuku. Sisi watoto tulimtaka abaki kwa udi na uvumba, maana Mama akishika fimbo, kimbilio lilikuwa nyuma ya khanga ya Bibi.

Hita ilipowaka, Bibi aliikagua pande zote. "Magesa, kuni zake ziko wapi?"

"Mama, huu moto unatoka ukutani."

Akaguna, akanyoosha miguu, akaota moto. Tukapumua.

Asubuhi yake tuliikuta haionekani. Bibi alikuwa amechota majivu kwenye jiko la Mama huko nje, akaifukia vizuri, kama wanawake wa kwao wanavyotunza moto mpaka kesho. Koili, ule waya unaowaka mwekundu, ilikuwa imekatika kwa joto. "Moto haulalagi wazi," alijitetea, kisha akaanza kufunga kikapu. Moto kumfia mikononi aliona ni mkosi. Alitaka apelekwe Musoma, apande boti ya kurudi kisiwani siku ileile.

Baba hakwenda kazini. Alichomoa nyaya ukutani, akapiga magoti, akaanza kupuliza majivu.

"Puliza vizuri," Bibi alimhimiza, "haujafa huo."

Koili mpya haikupatikana hata kwa magendo, kwa hiyo alizivuta zile ncha mbili akazisokota pamoja kwa koleo. Plagi hatukuwa nayo. Nyaya zilirudishwa kwenye soketi zikabanwa kwa njiti za kiberiti, jambo ambalo msomaji asijaribu. Ikatoa moshi, ikanuka, kisha ikawa nyekundu. Bibi akafungua kikapu. Nililia kwa furaha, wala sioni haya kusema.

Alikaa nasi miaka minne, na kila koili ilipokatika Baba aliisokota tena, mpaka ikawa mafundo matupu.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa. Baba akaleta hita mpya ndani ya boksi, ina kioo, ina magurudumu. Bibi tulikuwa tumeshamzika Rukuba. Baba aliiwasha, ikawaka mara moja bila kumsumbua mtu. Akaitazama kidogo, akaizima.

"Nzuri," alisema. "Ila nani sasa wa kuota?"