Nilimfungulia Glory Ukuta wa Shule, Akapita Hadi Nyumbani Kwetu

Kosa ni langu. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu nikianza na Glory nitalia, na nikilia nitajifanya mimi ni mtu wa kuonewa tu. Glory si jina lake. La kwangu silisemi, na shule siitaji. Niko kidato cha tatu, upande huu wa Akheri, inatosha.

Mimi si mtu wa kuongea. Nikiulizwa swali darasani sauti inaishia kooni, na wenzangu nyuma wanasema, "Ongeza volyumu, dada." Kwa hiyo huwa naandika. Nilikuwa na daftari nyumbani, wadogo zangu wakaligundua, wakawa wanasomeana jikoni huku wanacheka. Nikaliacha.

Madam wetu wa kompyuta ndiye aliyeniona. Akanichukua nimsaidie maabara, akanifundisha ule ukuta wa mtandao, wenyewe wanauita fayawoli. Unakaa katikati ya kompyuta za wanafunzi, kompyuta za ofisi ya walimu, na intaneti. Mwanafunzi anaruhusiwa kwenda intaneti. Ofisini haruhusiwi. Madam akaniachia kompyuta moja ya ofisini isiyo na mtumiaji, niwe naandika mambo yangu pale jioni. Faili nikaliita "Bayolojia". Halikuwa na nywila. Walimu walikuwa wanafunguliana mafaili bila nywila, si ukuta upo?

Kila Ijumaa baada ya vipindi tulikuwa tunausimamisha ukuta, yaani tunauzima kwa muda, tunarekebisha kanuni zake, tunauwasha tena. Kama nusu saa hivi. Nilikuwa nadhani ukisimama kila kitu kinapita. Kumbe huu wetu ukisimama hapiti mtu, isipokuwa aliyeandikwa kwenye orodha moja fupi: nani apite, na aende wapi. Orodha yetu ilikuwa na mstari mmoja tu, wa kompyuta ya Madam.

"Hii orodha inafanya kazi ukuta ukiwa umesimama tu," Madam aliniambia. "Ndiyo maana watu wanaisahau. Wewe usiisahau."

Sasa Glory. Glory alikuwa rafiki yangu mmoja. Simaanishi mmoja wa marafiki. Alikuwa ananitetea, tunagawana chapati, tunaimba naye kwaya ya vijana kanisani. Ijumaa moja Madam ametoka kidogo, Glory akaja mezani kwangu.

"We, kila Ijumaa napakua mitihani ya miaka ya nyuma, unanikatia katikati. Niweke na mimi kwenye hiyo orodha yenu."

"Madam hajaruhusu."

"Madam, Madam. Ukishakuwa bosi unatusahau, eti?"

Akacheka, na mimi nikacheka, nikaandika. Kompyuta namba kumi na nne, anayotumia Glory, iruhusiwe. Pale pa kuandika iende wapi nilitakiwa niandike intaneti peke yake. Nikaweka kistari. Nilijua kistari pale maana yake ni popote, Madam alishanifundisha. Ila Glory alikuwa amesimama nyuma yangu ananiharakisha, nikasema moyoni nitarekebisha Ijumaa ijayo.

Sikurekebisha. Zilipita Ijumaa nne.

Lazima niwaambie kilichokuwa kwenye faili. Baba yangu anafanya kazi kwenye shamba la maua kule Nduruma, anarudi mwisho wa mwezi. Mama anamfulia nguo, mimi naanika, anazipanga kwenye begi. Likizo ya mwezi wa sita mama alinituma nimpelekee nguo na maparachichi. Nikamkuta mbele ya nyumba nisiyoijua, amembeba mtoto mabegani. Yule mtoto alikuwa anamwita baba.

Baba alinifuata hadi barabarani, vumbi limemjaa miguuni. "Usimwambie mama yako, mwanangu. Nitamwambia mwenyewe."

Nikanyamaza, nikimsubiri aseme. Niliandika tu kwenye "Bayolojia", jioni baada ya jioni, mpaka na rangi ya sweta ya yule mtoto.

Jumapili iliyofuata Ijumaa ya nne, baada ya ibada, tulikuwa nje, kwenye mnada wa vitu vya sadaka. Mzee wa kanisa ameinua mkungu wa ndizi, watu wanapandishiana bei. Mama yangu akanyoosha mkono. Mama yake Glory, ambaye hapatani na mama yangu tangu walipogombea uongozi wa wanawake, akasema kwa sauti:

"Mzee, mwachieni huyo mama. Nyumba mbili kuzilisha si mchezo, hapa na Nduruma."

Mama alicheka. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Alicheka na wenzake kwa sababu alidhani ni utani wa mnadani. Halafu akaona wengine hawacheki, wanaangalia chini. Akageuka akaniangalia mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu, ila aliacha mkungu, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaanza kutembea.

Nyumbani hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda na nguo za kanisani.

"Ni kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu likizo ya mwezi wa sita."

Halafu akasema, "Mashati yake nilikuwa nafua, na wewe ulikuwa unaanika."



Jumatatu nilimsubiri Glory kwenye bomba la maji.

"Umesoma faili langu."

Hakukataa hata. "Ijumaa ya kwanza tu kompyuta ya ofisi ilijitokeza kwenye skrini yangu. Nikafungua Bayolojia nikidhani ni notsi za somo."

"Ukamwambia mama yako."

"Nilimwambia mama tu. Ningejuaje angesema kanisani?" Akafunga chupa yake. "Halafu usinikazie macho. Aliyenifungulia ni wewe."

Akaondoka. Kilichoniua ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Nilikwenda mwenyewe kwa Madam kabla hajagundua. Akafungua ile orodha, akaona mstari wa pili, akaona kistari. Hakunigombeza. Alisogeza kiti, akasema, "Futa kwa mkono wako." Nikafuta. Kisha akaniomba ufunguo wa ofisi, na ule wa maabara. Ijumaa siku hizi anamwita mwanafunzi mwingine.

Baba alikuja mwisho wa mwezi, wakaongea chumbani, akaondoka na begi lake. Nyumbani tunaendelea. Mama ananiitikia shikamoo, ananipakulia chakula, ananiuliza masomo. Lakini akifua, nikisogea kuchukua beseni anasema, "Acha, mama, nitaanika mwenyewe." Anaanika peke yake, na nguo za baba hazimo tena.

Wewe unayesoma, labda huna ukuta wala kompyuta. Ila una siku ambayo mlinzi wako anapumzika, na una watu uliowaruhusu kupita siku hiyo. Kaa chini uwasome mmoja mmoja. Andika kabisa mtu aishie wapi, na usimwandike kwa sababu amesimama nyuma yako anacheka. Na kama unatunza siri inayomhusu mama yako, usiitafutie pa kuificha. Nenda kamwambie leo, mkiwa wawili, wakati beseni mnalibeba pamoja.